Gari nyekundu haiuziki? Rangi za gari chini ya jua la Unguja na Pemba

Mtu akitaka kununua gari hapa Unguja, wosia wa kwanza anaopewa hauhusu injini wala giaboksi. Unahusu rangi. "Chukua nyeupe, chukua silva. Nyeusi kama una mtu wa kukuoshea. Nyekundu usiiguse, utakaa nayo." Anayesema hivyo anaweza kuwa dalali, shemeji yako, au mtu tu aliyekaa barazani akasikia bei ikitajwa. Na wosia unashikwa. Pita Darajani siku ya kazi utizame gari zilizoegeshwa: nyeupe, kijivu, silva, nyeusi, nyeupe tena, halafu kwa mbali Vitz moja ya buluu ambayo nusu ya mji inajua ni ya nani.

Mimi wosia huu sikubaliani nao. Ukweli umo ndani yake, lakini umefungwa pamoja na mambo yasiyohusiana: macho yanapenda nini, gari itauzwa kwa bei gani, jua litaifanya nini, vumbi litaonekana vipi, na fundi rangi ataiweza au hataiweza siku ikigongwa. Kila jambo lina jibu lake. Ukiyafungua moja moja unakuta rangi inayoitwa ya salama mara nyingine ndiyo yenye hasara, na ile inayoogopwa haina kosa.

Aliyechagua si wewe

Gari nyingi tunazoziita mpya visiwani ni mpya kwetu tu. Zimetumika Japani miaka saba, kumi au zaidi, zikapitia mnadani, zikapakiwa melini na kuteremshwa bandarini. Rangi yake ilichaguliwa na mtu wa Nagoya au Osaka siku alipoingia duka la gari. Na huyo naye hakuwa huru sana. Huko pia mnunuzi anaambiwa mapema kwamba nyeupe na nyeusi zina bei nzuri siku ya kuzirudisha sokoni. Toyota nchini Japani hutoza pesa ya ziada kwa nyeupe ya lulu, ile inayometa kidogo juani, na wateja wanailipa wakitumaini kuipata tena watakapouza.

Kwa hiyo mtu wa kwanza anamchagulia wa pili, wa pili anamchagulia wa tatu, na wa tatu ni wewe wa Fuoni, ambaye nawe unamfikiria mtu wa Wete atakayekuja kuinunua kwako baadaye. Inawezekana nyote wanne mnapenda buluu. Hakuna atakayeichukua, kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake haitaki.

Jambo hili limeenea. Duniani, katika kila gari tano mpya zinazotoka kiwandani, karibu nne ni nyeupe, nyeusi, kijivu au silva, na nyeupe imekuwa mbele ya zote tangu mwanzoni mwa muongo uliopita. Kampuni ya iSeeCars ya Marekani, inayochambua mauzo ya gari, ilikuta kwamba rangi hizo nne zilikuwa karibu asilimia 60 ya gari za mwaka 2004 nchini humo, na kufikia 2023 zilikuwa asilimia 80. Kilichobaki wanagawana buluu, nyekundu, kijani, manjano, chungwa na nyinginezo. Wapo waliochoka. Juni 2023 Fiat ilitangaza kwamba haitatengeneza tena gari za kijivu, na mkuu wake, Olivier François, akakaa ndani ya Fiat 600e huku ikitumbukizwa kwenye tangi kubwa la rangi ya chungwa huko Lerici, Italia. Lilikuwa tangazo la biashara, ndiyo, lakini lilisema jambo ambalo wengi walikuwa wakilifikiri.

Wengine hudhani gari zilizaliwa nyeusi. Ford Model T ilipotoka mwaka 1908 ilikuwa na rangi kadhaa. Nyeusi tupu ilikuja baadaye, kuanzia 1914 hadi 1925, kwa sababu ilikuwa rahisi, ngumu na ilikwenda sawa na mwendo wa kiwanda. Halafu kampuni ya DuPont ikaleta rangi ya Duco, na mwaka 1924 gari za Oakland za General Motors zikatoka na buluu yake. Kabla ya hapo gari isiyo nyeusi ilipakwa na kusubiriwa ikauke kwa wiki kadhaa. Duco ikaishusha kazi hiyo hadi saa chache. Mlango ulipofunguka, rangi zilimiminika. Wazee wa mjini wanazikumbuka Morris na Volkswagen za kijani, za buluu ya mbingu na za rangi ya maziwa.

Na ladha ya kwetu ukitaka kuijua, usiitafute kwenye gari za mnadani. Itafute pale mwenyewe alipokuwa na kopo la rangi mkononi. Gari za shamba zenye bodi la mbao, zilizojengwa bodi hapa hapa na kupakwa kwa brashi, zilipigwa buluu, kijani, manjano na nyekundu, wakati mwingine zote kwa pamoja. Mashua na ngalawa ni vivyo hivyo. Kijivu hakichaguliwi hapo. Nyeupe ndiyo yenye hoja yake: mtu aliyezoea kanzu nyeupe safi ya Ijumaa anaweza kuipenda gari nyeupe kwa dhati, na huyo hana la kuelezwa. Ninaozungumza nao ni wale wanaoichukua kwa woga.

Sitara ya kisiwani

Ipo sababu moja ya kuikimbia rangi ya kuwaka ambayo watafiti wa nje hawaitaji, na kwetu ina uzito. Unguja kutoka ncha hadi ncha ni kilomita 85 hivi, na watu tunajuana. Mwenye gari ya chungwa hana siri. "Jana usiku nimeiona gari yako Chukwani." Husemwa kwa kicheko, lakini aliyeambiwa anaanza kujieleza. Kwa ustadhi wa madrasa, kwa mfanyabiashara anayedaiwa, kwa kijana anayechumbia, IST ya silva ni sitara, kwa sababu ziko nyingi na hakuna anayeapa kwamba ile ilikuwa yako.

Simlaumu mtu kwa sababu hiyo. Mradi ajue kwamba alichonunua ni sitara. Hakununua uimara wa rangi. Na mzazi atizame upande wa pili: mwanao akiichukua gari ya manjano akaenda nayo mbio barabara ya Fumba, utaletewa habari kabla hajarudi nyumbani.

Kinachopauka na kisichopauka

Hapa ndipo penye kutu ya wosia wenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, Pemba nyuzi 5. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, jua la mchana linapita juu ya utosi wetu. Gari iliyoegeshwa nje inapigwa moja kwa moja kwenye paa na boneti, na milango inapata afueni. Ndiyo maana gari ya hapa huharibika juu kwanza.

Rangi ya kiwandani ina tabaka nne. Bodi la chuma hutumbukizwa kwanza kwenye dimbwi, na tabaka la kuzuia kutu likashikishwa kwa umeme. Juu yake inakuja praima, halafu rangi yenyewe, halafu klia, ambayo haina rangi na ndiyo inayong'aa. Zote nne kwa pamoja unene wake ni mikroni 100 hadi 150. Unywele mmoja wa kichwa una kama 70. Klia peke yake ni mikroni 40 au 50, na hiyo ndiyo inayobeba jua, chumvi na kinyesi cha ndege kwa miaka yote ya gari.

Zamani klia haikuwapo. Ilienea kwenye gari za kawaida kuanzia miaka ya 1980. Kabla ya hapo rangi ilikaa wazi juani, na ukiipangusa gari nyekundu kwa kitambaa, kitambaa kilirudi na wekundu. Nyekundu za wakati huo zilipauka kweli, zikawa waridi chafu. Sababu ni hii: kitu kinaonekana chekundu kwa sababu kinameza mwanga wa buluu na kijani, ambao una nguvu kuliko ule mwekundu kinaourudisha, na viini vingi vya rangi vya zamani, yaani zile chembe zinazoipa rangi wekundu wake, havikuweza kuubeba mzigo huo. Vilivunjika. Sifa mbaya ya gari nyekundu imezaliwa hapo, na imerithishwa kwa watoto ambao hawajawahi kuigusa gari isiyo na klia.

Mwaka 1986 kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi ilianza kuuza kiini kipya cha nyekundu kinachostahimili jua vizuri sana, na nyekundu nyingi za gari za kisasa zimejengwa juu yake au juu ya ndugu zake. Nyekundu iliyotoka kiwandani, klia yake ikiwa nzima, haipauki kwa namna ile. Inayopauka leo, mara nyingi, ni ile iliyopigwa upya kwa rangi ya bei poa, na hiyo ingepauka hata ingekuwa ya kijani.

Damu ya mzee na kahawia zina nguvu zaidi, hasa zile zinazotokana na oksidi ya chuma. Ndiyo hiyo hiyo inayoupa wekundu udongo wa kinongo, ambao umekaa juani tangu dunia iumbwe na bado ni mwekundu. Buluu na kijani za gari kwa sehemu kubwa zinatokana na kiini kilichogunduliwa kwa bahati mwaka 1928 katika kiwanda cha Grangemouth, Scotland, wafanyakazi walipoona uchafu wa buluu ndani ya chombo cha kemikali nyingine. Kiliingia sokoni mwaka 1935 na mpaka leo ni katika viini vinavyostahimili jua kuliko vyote. Kwa hiyo anayekuambia buluu inapauka upesi, mwulize ameiona wapi na ilipigwa na nani.

Nyeusi hutokana na masizi ya kaboni. Jua haliyawezi. Tatizo la nyeusi ni joto na mikwaruzo, si kupauka.

Inayoshangaza ni nyeupe. Kiini chake, titani dioksidi, ni imara, na gari nyeupe haionekani kupauka. Lakini Toyota, nchini Marekani na Australia, imetoa huduma maalumu ya kupiga rangi upya baadhi ya gari zake nyeupe kwa sababu rangi ilikuwa inabanduka. Maelezo ya Toyota Australia yalikuwa kwamba kukaa juani kwa muda mrefu kunadhoofisha mshikamano baina ya praima na lile tabaka la chini lililoshikishwa kwa umeme. Yaani jua limepenya mpaka chini, na vyote vilivyo juu vinaachia kwa pamoja. Ukiiona huisahau: kwenye paa kunaanza mpasuko mdogo, maji ya mvua yanaingia, upepo wa mwendo unanyanyua ukingo, na ganda la ukubwa wa kiganja linaruka njiani na kuacha kijivu cha chini. Rangi ile ile ambayo shemeji alisema haina matatizo.

Vumbi, kunguru na maji ya kisima

Kwenye uchafu, rangi zilizopooza zinashinda, na nasema hivyo bila kinyongo. Lakini hazishindi zote, wala si kila mahali.

Ardhi zetu si moja. Pemba, na magharibi ya Unguja, kuna kinongo. Masika yakipiga, gari nyeupe inayotoka Konde kwenda Chake kupitia njia za ndani inarudi na sketi nyekundu mpaka kwenye vitasa. Mashariki na kusini ya Unguja ni uwanda, mawe ya matumbawe, na vumbi lake ni jeupe. Huko Makunduchi na Michamvi nyeusi ndiyo inayoadhirika. Inaoshwa asubuhi, adhuhuri imeshavaa unga. Silva na kijivu cha kati zinaficha vyote viwili. Buluu ya wastani nayo inaficha vizuri kuliko watu wanavyofikiri, na rangi ya mchanga ni bora kuliko zote, ingawa hakuna anayeitaka.

Maji ni jambo ambalo wengi hawalihesabu. Maji ya visima vyetu yanatoka kwenye miamba ya chokaa. Ukiosha gari mchana na kuiacha ikauke yenyewe juani, kila tone linaacha duara jeupe. Kwenye nyeupe na silva duara halionekani. Kwenye nyeusi, damu ya mzee na buluu iliyokoza linaonekana, na likirudiwa miezi linaingia ndani ya klia na halitoki kwa sabuni. Dawa yake ni rahisi: osha asubuhi mapema au baada ya alasiri, na ufute kwa kitambaa kabla haijakauka.

Halafu kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na sasa kila mti wa kivuli mjini ni wao. Jua likiipasha klia moto, inalainika. Kinyesi kikikauka juu yake kinaivuta na kuila. Ukiondoa doa siku ya pili, alama ya kovu imebaki. Usiku, maembe yakiiva, popo nao wanafanya kazi yao. Kwa hiyo kivuli cha mkungu kinaiokoa dashibodi na kinaiharibu boneti, na hilo linaipata kila rangi sawasawa, isipokuwa rangi nyeusi inalitangaza. Chumvi ya baharini pia haichagui. Anayeishi Nungwi au Jambiani na gari silva atapata kutu kama mwenye nyekundu, chini ya mlango na ndani ya matao ya magurudumu, pasipofika maji ya kuoshea.

Joto na kuonekana

Maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani iliziweka juani Honda Civic mbili huko Sacramento, California, moja nyeusi na moja silva. Baada ya saa moja paa la nyeusi lilikuwa na joto lililozidi la silva kwa hadi nyuzi 25 za Selsiasi. Hewa ya ndani, hata hivyo, ilitofautiana kwa nyuzi 5 au 6 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya joto la ndani inaingia kwa vioo. Kwa mtu anayeegesha Malindi bila kivuli, nyuzi 5 si kidogo. Lakini pia zinampa somo mwenye kijivu kilichokoza: kwa macho imepooza, kwa joto iko karibu na nyeusi. Manjano, rangi ya maziwa na buluu mpauko zinamwacha mbali.

Kuhusu ajali, nitasema kwa uangalifu kwa sababu tafiti hazikubaliani zote. Chuo Kikuu cha Monash cha Australia mwaka 2007 kilikuta kwamba mchana gari nyeusi zilikuwa na hatari ya ajali iliyozidi ya nyeupe kwa asilimia 12 hivi, kijivu asilimia 11, silva asilimia 10. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa 2003, ulikuwa umeisifu silva. Uliotulia zaidi ni wa Singapore wa mwaka 2017, kwa sababu ulilinganisha teksi za kampuni moja, za manjano na za buluu: za manjano zilipata ajali pungufu, kama sita kwa kila teksi elfu kwa mwezi. Zinaonekana, basi.

Mimi hili naliona kila masika. Siku hizi zimekuja gari za kijivu kizito kisicho na chembe za kumeta, rangi iliyopata umaarufu baada ya Audi kuleta kijivu chake cha Nardo, kwa jina la mji wa Italia wenye uwanja wa majaribio ya gari. Ndani ya yadi, imeoshwa, na ringi nyeusi, inapendeza. Sibishani na mwenye kuipenda. Lakini barabara ya Bububu jioni, mvua inanyesha, lami imelowa, miti imefunga kiza na dereva hajawasha taa, gari hiyo haipo mpaka iwe imeshafika mbele yako. Mwenye nayo awashe taa mapema. Mwenye bodaboda anayekuja upande wa pili anaistahiki hiyo heshima.

Siku inapogongwa

Hapa ndipo wosia unapoanguka kabisa, na ndipo watu wanapoumia mfukoni.

Kwa fundi rangi swali si kama rangi inawaka au imepooza. Swali ni imetengenezwa vipi. Ziko rangi zisizo na chembe za kumeta, ziko za metaliki zenye vipande vidogo vya alumini ndani yake, na ziko za lulu, zenye chembe za ulanga. Ya kwanza, iwe nyeupe ya kawaida, nyekundu au buluu, ukiichanganya kwa kipimo sahihi inakaa. Nyekundu na manjano zina ila moja: hazifuniki upesi, zinataka mikono zaidi, kwa hiyo zinakula rangi zaidi.

Silva ya metaliki ni kesi nyingine. Vipande vya alumini vinalala kwa namna bunduki ilivyopuliza. Upepo wa kompresa ukiwa mwingi, rangi inafika nusu kavu na inatoka nyeupe. Ukiwa mdogo, inafika mbichi na inatoka nyeusi kidogo. Kopo lile lile, fundi yule yule, milango miwili tofauti. Na masika, hewa imejaa maji, kompresa isiyo na chujio inatema matone pamoja na rangi na kuacha vidoa.

Nyeupe ya lulu ndiyo ngumu kupita zote. Inapigwa nyeupe ya chini, halafu utando mwembamba wa lulu unaopitisha mwanga, halafu klia. Mkono mmoja wa lulu ukizidi, rangi inageuka. Simama saa kumi jioni kwenye kona ya nyuma ya Alphard nyeupe iliyowahi kugongwa, jua likiwa ubavuni mwako: mlango ni mweupe wenye ubuluu, na bampa ni rangi ya maziwa. Adhuhuri tofauti ile haikuwapo. Mwenye gari alipokea kazi adhuhuri, akalipa, akaondoka ameridhika.

Kwa hiyo anayenunua nyeupe ya lulu akidhani amekimbia matatizo ya rangi, ameyafuata. Kama unayo tayari, usimwachie fundi akisie kwa jicho. Kila Toyota ina kibati, ama chini ya boneti ama kwenye nguzo ya mlango, na juu yake pameandikwa C/TR ikifuatiwa na nambari. 040 ni nyeupe isiyo na lulu. 070 ni ya lulu. 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva. Nambari hiyo ndiyo ya kumpelekea mchanganyaji rangi, na hata hapo mwambie fundi apige kwanza kipande cha bati na akilinganishe na mlango nje, juani, asubuhi na jioni.

Bei, sasa

"Haiuziki" ni neno kubwa. Kinachotokea ni kwamba silva inampendeza kila mtu kidogo, na nyekundu inawapendeza wachache sana. Ya kwanza inauzwa upesi kwa sababu anayekuja yeyote anafaa. Ya pili inamsubiri mtu wake, na soko la visiwani ni dogo, kwa hiyo kusubiri kunaweza kuwa kurefu. Hilo nalikubali. Lakini kusubiri na kupunguza bei ni vitu viwili. Anayeuza kwa haraka, akiwa na deni au mgonjwa, atapunguza. Asiye na haraka hana sababu. iSeeCars hao hao, wakipima thamani inayopotea baada ya miaka mitatu Marekani, walikuta manjano inapoteza kidogo kuliko rangi zote, kwa kuwa ziko chache kuliko wanaozitaka, huku dhahabu, rangi iliyopooza kabisa, ikiwa mkiani. Soko lao si letu. Ila linatosha kuonyesha kwamba sheria ya shemeji si sheria.

Ushauri wangu ni huu. Kama unanunua ili uuze, umeagiza gari tatu na unataka pesa irudi, chukua silva na nyeupe isiyo ya lulu. Biashara haina mapenzi. Kama unanunua gari ya nyumbani, ya kupeleka watoto skuli na mama spitali, na wengi wetu gari tunakaa nayo mpaka ichoke, chagua unayoipenda. Woga wa wengine hapo unakusaidia: kwenye mnada, gari ya mwaka ule ule na kilomita zile zile, yenye rangi isiyogombewa, inaweza kuja kwa bei ya chini.

Karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari, uisome mwenyewe, usikubali kutajiwa daraja tu. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni alama ya kazi iliyorekebishwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokula, na P ni rangi iliyoharibika. Ipo pia nafasi ya kuonyesha kama gari ilibadilishwa rangi yake ya asili. Ikiwa imebadilishwa, fungua milango utizame kingo za ndani na chini ya boneti, ambako mpigaji wa haraka hafiki, na uhakikishe kwamba rangi unayoiona ndiyo itakayoandikwa kwenye kadi.

Na kama gari imeshafika na iko yadi, usianzie kwenye milango, kwani milango ndiyo inayopigwa polishi. Noah na Alphard ni ndefu, na aliyesimama chini haoni paa. Omba kiti au ngazi, panda, upitishe kiganja juu ya paa na kwenye boneti karibu na kioo. Klia ikiwa nzima kiganja kinateleza. Ikiwa imeanza kufa utaona mabaka meupe yenye ukingo unaokwaruza, na hapo gharama ya kupiga rangi upya itolewe kwenye bei kabla hamjapeana mikono, iwe gari ni silva au nyekundu.